Upinzani unatafuta mgombea ng'ambo, wapiga kura wako hapa

Tangu katiba ilipobadilishwa mwaka 2011, raisi wa inchi yetu anachaguliwa kwa duru moja tu. Anayetangulia amepita. Mwaka uleule Joseph Kabila alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 49. Étienne Tshisekedi 32, Vital Kamerhe karibu 8. Zaidi ya nusu hawakumchagua Kabila, lakini kura zao zilitawanyika.

Wapinzani wanaijua hesabu hiyo. Ndiyo maana Novemba 2018 viongozi saba walikutana Genève, wakamteua Martin Fayulu. Kesho yake Félix Tshisekedi na Kamerhe wakajitoa, wakisema wafuasi wao wamekataa. Basi kwa nini wafuasi hao hawakuulizwa kabla ya kupanda ndege?

Mwaka 2023 ikawa Pretoria. Matata Ponyo na wengine wakamuunga mkono Moïse Katumbi, huku Fayulu na Denis Mukwege wakiendelea kila mtu na njia yake. CENI ilimpa Tshisekedi asilimia 73, Katumbi 18, Fayulu 5. Wapinzani walilalamika kwamba kura zimeibiwa. Lakini kura hulindwa na mashahidi katika kila kituo, na vyama vilivyogawanyika haviwezi kuwapata inchi nzima.

Raia wamechoka, hata wale wasioipenda serikali. Kabla ya 2028, vyama viwaulize wanachama wao Goma, Lubumbashi, Kisangani na Kinshasa: tumsimamishe nani? Atakayeshindwa hapo atakosa kisingizio cha wafuasi.