Picha ya Serikali si Mali ya Kuokota

Anayetaka picha ya Ulaya, hii kata ya wilaya ya Kilosa nchini Tanzania na si ile ya ng'ambo, hana pengi pa kuitafuta. Picha za vijiji vya wilaya kama hiyo zinazopatikana mtandaoni ni hasa za ziara za viongozi: mkuu wa wilaya anakagua darasa, mbunge anakata utepe, wataalamu wamesimama kando ya kisima kipya huku wananchi wakiwatazama kwa mbali. Hupigwa na afisa habari, hupandishwa kwenye tovuti yenye anwani ya go.tz, na baada ya hapo zinakuwa za kila mtu. Mwandishi wa kitini cha historia ya kata huzipakua, mhariri wa Wikipedia ya Kiswahili naye huzitamani, na mwenye gazeti huandika chini yake "picha kwa hisani ya mtandao" kana kwamba mtandao ni mtu. Kinachowatuliza wote ni imani kwamba cha serikali ni cha wananchi. Kisiasa imani hiyo ni nzuri. Kisheria haina pa kusimama. Picha hizo zina mwenyewe, na dawa ya tatizo hilo si kufumba macho. Serikali inapaswa kutamka kwa maandishi kwamba inaziruhusu.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inazitaja picha za mnato miongoni mwa kazi zinazolindwa, na ulinzi huo hauhitaji usajili. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, na msingi wa mkataba huo ni kwamba haki huzaliwa pamoja na kazi. Kwa hiyo kukosekana kwa alama ya hakimiliki kwenye picha hakumaanishi kitu. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo ndicho kinachoorodhesha vitu visivyolindwa: sheria, hukumu za mahakama, maamuzi ya vyombo vya utawala pamoja na tafsiri zake rasmi, habari za siku, na mawazo matupu au takwimu tupu. Mkataba wa Berne unaziachia nchi wanachama uhuru wa kuamua kuhusu matini rasmi za aina hiyo, nasi tumeutumia uhuru huo kwa matini. Picha hatukuziweka humo. Hukumu ya Mahakama ya Rufani unaweza kuichapa na kuiuza kesho asubuhi. Picha ya jengo la mahakama iliyopigwa na mtumishi wake huwezi, mpaka upate ruhusa au uingie katika matumizi machache ambayo sheria imeyaachia wazi, kama mafunzo, nukuu na kuripoti matukio.

Wapo wanaong'ang'ania maneno "habari za siku". Wanasema picha ya ziara ni habari, kwa hiyo iko nje ya ulinzi. Hapo wanachanganya tukio na kazi iliyolionyesha. Kwamba mkuu wa wilaya alikwenda Ulaya siku fulani ni habari, na hakuna anayeimiliki. Lakini mtu aliyechagua pa kusimama, akasubiri mwanga na kubonyeza kamera, ametengeneza kazi, na kazi hiyo ndiyo inayolindwa. Wengine hutegemea Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Hiyo inakupa haki ya kuipata taarifa iliyo mikononi mwa serikali. Kuichapa picha ya mtu kwenye kalenda ya biashara ni jambo jingine kabisa.

Ugumu unaongezeka unapouliza mwenye picha ni nani hasa. Mwaka 2017 halmashauri zetu zilipata tovuti za mfumo mmoja, kazi iliyofanywa na TAMISEMI na Wakala ya Serikali Mtandao kwa msaada wa Marekani, na chini ya nyingi kati ya hizo pamesomeka kwa miaka kwamba hatimiliki ni ya GWF na haki zote zimehifadhiwa. GWF ni jina la mfumo uliotumika kuzijengea. Mfumo haupigi picha wala haumiliki chochote, lakini ndio uliotajwa. Nyuma ya maandishi hayo huenda kuna afisa habari aliyeajiriwa, mpigapicha wa mtaani aliyelipwa kwa siku moja, mfadhili wa mradi, au picha iliyochukuliwa kwenye simu ya diwani kupitia kundi la WhatsApp. Iwe haki imebaki kwa aliyepiga au imehamia kwa mwajiri wake, hakuna hata mmoja wao aliyekwambia chukua.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kodi: kamera ni ya umma, mshahara ni wa umma, kwa nini mwananchi aombe ruhusa? Ni pingamizi la haki, na zipo nchi zilizolikubali. Marekani sheria yake inasema kazi ya mtumishi wa serikali kuu akiwa kazini haina hakimiliki nchini humo. Matokeo yake yanashangaza ukiyatazama ukiwa Kilosa. Kwa vitendo, mchapishaji wa Morogoro anaweza kupamba kalenda yake kwa dubu wa Yellowstone aliyepigwa picha na askari wa hifadhi ya huko, bila kumwandikia mtu barua. Tembo wa Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 na iliyo jirani yake, kama amepigwa picha na mtumishi wa TANAPA, anahitaji ruhusa. Mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ni hivyo hivyo. Bonde lile linaweza kutazamwa kwa picha za setilaiti za Landsat, ambazo Marekani ilizifungua bure kwa dunia mwaka 2008, wakati picha rasmi za watu waliohama makwao ziko chini ya "haki zote zimehifadhiwa". Lakini pingamizi hilo linaonyesha sheria ingefaa iweje. Halibadilishi ilivyo leo. Magari ya halmashauri pia yamenunuliwa kwa kodi, na hatuyaendeshi.

Atakuja mwingine aseme: nani ameshtakiwa kwa picha ya halmashauri? Swali hilo humfaa mwenye gazeti, ambaye kesho atachapa nyingine. Anayejenga kumbukumbu ya kudumu halimsaidii. Hazina ya picha inayoilisha Wikipedia hupokea tu kazi zilizo huru au zenye leseni huru, na picha isiyo na leseni hiyo hufutwa hata kama mwenyewe hajalalamika. Kwa hiyo ukimya wa serikali humwacha mzembe aendelee na humzuia mwangalifu, na makala za kata zetu zinabaki bila sura.

Njia nyepesi ipo, nayo haihitaji kwanza kupeleka muswada Dodoma. Uingereza haikufuta hakimiliki ya serikali yake. Mwaka 2010 ilitoa leseni ya wazi inayomruhusu yeyote kutumia kazi zake, hata kibiashara, mradi ataje chanzo. Kenya imebaki na hakimiliki ya serikali ya miaka 50, na ingeweza kufanya hivyo hivyo bila kuibomoa. Kwetu waraka mmoja ungetosha: picha zilizopigwa na watumishi wakiwa kazini zitumike kwa kutaja jina la mpigapicha na ofisi yake. Hofu kwamba watu watazichezea si ya kupuuzwa, ila leseni ya kutumia picha haimpi mtu kibali cha kughushi wala cha kutumia nembo ya taifa kujipa cheo. Ninachokihofia zaidi mimi ni nyuso za waliopigwa. Mtoto wa darasa la pili au mgonjwa wa zahanati hakuulizwa, na tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika, jambo hilo lina uzito wake mbali na hakimiliki. Picha za namna hiyo zibaki nje ya leseni, pamoja na zile zilizonunuliwa kwa wapigapicha binafsi bila mkataba wa kuhamisha haki.

Linabaki rundo la picha za nyuma, ambazo hakuna anayekumbuka zilipigwa na nani. Waraka hauwezi kuzifungua, kwa sababu serikali haiwezi kugawa haki ambayo huenda si yake. Hizo zinahitaji kazi ya ofisini: maafisa habari wapekue mafaili, waandike majina pale yanapopatikana, na kuanzia sasa picha isipandishwe kwenye tovuti bila jina la aliyeipiga, tarehe na mahali.