Nyumba za Kale za Pangani na Sisi Tuliozihama



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya jambo linalotuhusu wengi wetu tuliozaliwa pwani na kutumikia bara. Katika likizo yangu nalikwenda kwetu Pangani, baada ya miaka minne pasipo kuuona mji ule. Mto ni ule ule, na ng'ambo Bweni na minazi yake ingali inasimama. Lakini nalipofika kwenye nyumba yetu nalisimama njiani kama mgeni. Sehemu ya paa ilikuwa imeporomoka, na ndani ya chumba alichokuwa akilala babu mlikuwa mmeota mpapai.

Kwa wasioujua, Pangani ulikuwa mji wa misafara. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara, na kando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa. Hapo ndipo watu walipoanza kuwapinga Wajerumani mwaka 1888, na hapo ndipo Abushiri bin Salim aliponyongwa katika Desemba ya mwaka 1889. Kisha reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, hata ikafika Moshi mwaka 1911. Mizigo ikafuata reli, na wenye mali wakafuata mizigo. Babu yangu alinunua nyumba yake kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akihama.

Nalimkuta ami yangu ameketi barazani. Baada ya shikamoo na marahaba alinieleza kwamba amekuja mtu kutaka kuununua mlango wetu wa nakshi, miimo na kizingiti pamoja. Nalighadhibika, nikasema, "Ami, mlango wa babu utauzwaje?" Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, mlango haunitii chakula mdomoni. Nalikupelekea habari za paa lilipoanza kuvuja. Ukajibu kwamba utaliangalia. Masika matatu yamepita."

Sikuwa na la kujibu. Maneno yake yalikuwa kweli tupu. Barua ile naliipokea, nikaisoma, nikaitia mfukoni. Mwaka ule ule nalinunua viti vipya vya sebuleni kwangu.

Basi ndugu zangu, ndiyo sababu naandika. Sisi makarani, waalimu na waganga tukikutana jioni hupenda kulaumu: Serikali haitunzi miji ya kale, halmashauri imelala, wageni wanachukua vitu vyetu. Huenda lawama nyingine ni za haki. Lakini nyumba nyingi zinazoanguka si za Serikali. Ni zetu, nazo zina warithi kumi au ishirini, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Nyumba ya wengi huliliwa na wote wala haizibwi na mtu.

Nalimwita fundi mwashi mzee anitazamie kuta. Alinifundisha mambo ambayo sikuyajua pamoja na elimu yangu yote. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na juu yake boriti za mikoko. Adui wa kwanza ni maji ya juu. Paa likivuja, boriti huoza kwanza kwenye ncha zilizoingia ukutani, mahali ambapo jicho halioni, na siku moja dari yote hushuka. Adui wa pili ni saruji tunayoipaka kwa nia njema. Chokaa huuacha unyevu utoke, bali saruji huufungia ndani pamoja na chumvi ya bahari, hata lipu ikabanduka na mawe yake. Kwa hiyo bati moja lililotiwa kwa wakati wake lingaliokoa chumba kizima, na fedha zake zilikuwa chache kuliko za viti vyangu.

Wala tusidhani kwamba ukubwa wa nyumba huikinga. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani mwaka 1883 katika mji ambao dunia iliutia katika urithi wake mwaka 2000, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakafa. Ikiwa nyumba ile ilianguka, ya babu yangu itasimama kwa nguvu gani?

Wako watakaosema: Nyumba hizi zilijengwa kwa faida ya biashara ya watumwa, na zianguke. Hoja hii siidharau, maana ni kweli kwamba mashamba yale ya miwa yalilimwa na watumwa. Lakini waliochoma chokaa na kubeba mawe yale ni watu wetu. Tukiuacha ukuta uanguke, tumeifuta kazi ya mikono yao pamoja na ushahidi wa dhuluma waliyotendewa.

Shauri langu ni hili. Kwanza, kila mmoja wetu mwenye nyumba ya mirathi atumie likizo yake ijayo kuwakutanisha warithi, waandike ni nani wenye haki na ni nani msimamizi. Pili, kila mrithi mwenye mshahara aweke sehemu ndogo kila mwaka kwa ajili ya paa, kabla ya masika. Tatu, milango isiuzwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaihifadhi milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, na mtumishi wa Serikali hapaswi kungoja kukumbushwa sheria. Nne, tuwape vijana wetu nafasi ya kujifunza kazi ya chokaa kwa mafundi wazee wangali hai.

Mimi nimeanza. Kabla ya kuondoka nalinunua mabati ya chumba kimoja na kumwachia ami fedha za fundi. Yule mnunuzi amejibiwa kwamba mlango hauuzwi mwaka huu. Ami alisema "mwaka huu", wala sikumsahihisha, kwa kuwa mwaka ujao unanitegemea mimi.

Wenzangu wa Pangani, Bagamoyo, Kilwa na Mikindani, ninyi mwasemaje?

Ni mimi mwenzenu,
Karani wa Pwani