Riwaya haisubiri likizo

Waandishi wengi chipukizi huahirisha riwaya zao mpaka wapate nafasi, ilhali historia ya fasihi yetu haiungi mkono tumaini hilo. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, na huku akiitumikia ajira hiyo aliandika. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya nzima ya Kikuyu juu ya karatasi za chooni. Wapo watakaosema sanaa hailazimishwi kwa ratiba. Ni kweli kwamba sentensi nzuri haiitwi ikaja, lakini riwaya ni kazi ya kumbukumbu kuliko ya msisimko: ukiiacha wiki tatu, sauti za wahusika hufifia, nia uliyompa kila mmoja hukutoka, na siku ya kurudi huishia katika kusoma upya ulichoandika. Hapo ndipo ari hufa, naamini, zaidi ya penye uchovu. Mwenye watoto wadogo au zamu za usiku huenda asipate saa nzima. Aya moja kwa siku yatosha kuwaweka wahusika karibu naye.