Virejeleo katika Nyaraka za Programu: Kazi ya Mwanaleksikografia

Imezoeleka kudhaniwa kwamba kurekebisha umbo na virejeleo vya nyaraka za maktaba za programu ni kazi ya fundi wa kompyuta, tena fundi mchanga aliyekosa kazi nzito zaidi. Dhana hiyo si sahihi. Nyaraka hizo ni aina ya kamusi: zina vidahizo, fasili, mifano na maelekezo ya kumtoa msomaji kidahizo kimoja hadi kingine. Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) ingepoteza sehemu ya thamani yake endapo kifupisho “taz.” kingempeleka msomaji kwenye neno lisilokuwamo.

Nyaraka za lugha ya programu ya Python zimekuwa zikiandaliwa kwa zana iitwayo Sphinx tangu mwaka 2008. Mwandishi hulizingira jina la kitu kwa vialama vidogo vinavyoegemea kushoto. Kialama kimoja kila upande, bila kutaja aina ya kitu, kwa kawaida huzaa herufi za mlazo tu. Kiungo hupatikana aina inapotajwa. Na jina likikosewa, mara nyingi Sphinx hunyamaza, isipokuwa ukali wake umeongezwa kwa makusudi. Neno huvaa sura ya kirejeleo lakini haliendi popote. (Wagogo husimulia kuwa jina Dodoma limetokana na *idodomya*, yaani “pamezama”, kwa sababu ya tembo aliyedidimia matopeni. Msomaji wa kirejeleo cha namna hiyo hudidimia vivyo hivyo.)

Kwa Kiswahili tatizo huzidi. Kanuni za uandishi huo zadai kialama cha kufungia kifuatwe na nafasi au alama ya uakifishi, na cha kufungulia kitanguliwe vivyo hivyo. Kanuni hiyo haiisumbui sana lugha ambayo maneno yake husimama pekee. Kiswahili ni lugha ambishi: mfasiri akiambatisha *-ni* ya mahali au *ma-* ya wingi moja kwa moja kwenye jina lililozingirwa, alama huvunjika na kiungo hufa. Upatanisho nao una utata. Je, *print* “inachapisha” au “kinachapisha”? Jibu hutegemea nomino ambayo mfasiri ameificha akilini: fankisheni au kitendaji. Suluhisho ni kuitaja nomino hiyo kila mara, ibebe viambishi vyote, na jina la msimbo libaki tupu: “kitendaji print kinachapisha”, “katika moduli ya sys”. Huo ni uamuzi wa kimofolojia. Mpanga programu hatarajiwi kuufanya peke yake.

Utaratibu wa kufasiri nyaraka za Python uliwekwa bayana mwaka 2017, hivyo mlango u wazi. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha Kiswahili na sayansi za kompyuta katika eneo moja la vilima. Mwanafunzi wa uzamili wa isimu anayetafuta mada ya leksikografia angeweza kuanza na moduli moja tu, ahesabu virejeleo vilivyokufa, kisha aeleze ni vingapi vimeuawa na kiambishi.