Upotevu Nao ni Ugonjwa



Mama wa Majengo anapompeleka mtoto mwenye homa zahanati, hupanga foleni ya kadi, kisha ya mganga, kisha ya malipo, kisha ya maabara, arudi tena kwa mganga, ndipo afike dirisha la dawa. Malaria kali yaweza kumwua mtoto mdogo kwa saa chache. Basi muda unaopotea kwenye benchi ni suala la afya, si la utawala peke yake.

Huko Japani, kiwanda cha magari cha Toyota kilijifunza kuitazama kazi hivi: kungoja bure, kutembea bure na kurundika akiba kupita kiasi ni upotevu, na wafanyakazi wenyewe wauondoe kidogo kidogo. Mwaka 2007 Wizara yetu ya Afya, kwa msaada wa Japani, ilianza kuitumia njia hiyo katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, nayo ikaenea kwingine. Hatua zake ni tano: Sasambua, yaani ondoa visivyohitajika, Seti, kila kitu mahali pake, Safisha, Sanifisha, utaratibu uwe mmoja kwa wote, na Shikilia, msirudi nyuma.

Wako wanaosema hayo ni ya hospitali kubwa. Mimi sikubali. Kuweka mbele dawa inayokaribia kuisha muda hakudai fedha. Kusogeza meza ya malipo karibu na maabara hakudai mfadhili.

Lakini tusidanganyane. Kupunguza upotevu si kupunguza wauguzi, wala kumharakisha mgonjwa. Muuguzi asiyehangaika kutafuta faili hupata nafasi ya kumweleza mama namna ya kumpa mtoto dawa. Faida hiyo ni ya mgonjwa. Anayetumia njia hii kufukuza watu kazi ameipotosha.

Nashauri kila zahanati ya parokia ifanye jambo moja mwezi huu: mtu mmoja amfuate mgonjwa, kwa ridhaa yake, toka mlangoni hadi dirisha la dawa, akiandika dakika za kila kituo. Karatasi hiyo ijadiliwe na watumishi wote, hata mfagizi, maana yeye huona mengi.

Bwana Yesu alipowalisha watu 5,000 aliagiza mabaki yakusanywe, vikajaa vikapu 12. Kama makombo ya mkate yalistahili kutunzwa, je, si zaidi saa za mtoto mgonjwa?