Mkato wa Kiingereza si Ule wa Kifaransa



Watoto wetu shuleni hujifunza kuandika kwa Kifaransa, na nyumbani na kanisani tunasema Kiswahili. Lakini Kiingereza nacho kinapiga hodi. Ng'ambo ya Kasumbalesa ni Zambia; ng'ambo ya Kasindi ni Uganda; na tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo barua nyingi za kazi na za biashara huandikwa kwa Kiingereza. Karani wa ghala, dereva wa lori, muuguzi wa shirika la misaada, hata mama anayeagiza bidhaa kutoka Kampala, wote huletewa karatasi za lugha hiyo, tena huombwa kuzijibu. Maneno wanajifunza kwa bidii. Lakini zile alama ndogo zinazokaa katikati ya maneno, yaani nukta, mkato na wenzao, hawazijali sana. Hudhani ni zile zile walizofundishwa na mwalimu wa Kifaransa. La, si zote.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo mali hupotea upesi. Kwa Kifaransa mkato hutenga namba nzima na sehemu zake: 2,5 ni mbili na nusu. Maelfu hutengwa kwa nukta au kwa nafasi tupu. Kwa Waingereza mambo ni kinyume: nukta hutenga sehemu, na mkato hutenga maelfu. Tuseme karani wa Lubumbashi amepokea karatasi kutoka Ndola iliyoandikwa «Cement: 2,500 kg». Akisoma kwa jicho la Kifaransa ataona kilo mbili na nusu, naye atacheka, kwa maana hakuna anayeagiza simenti kidogo hivyo. Kosa limejifichua lenyewe. Lakini tuseme ni dawa ya unga kwa ajili ya zahanati, nayo imeandikwa «1,250 g». Mwingereza anasoma gramu elfu moja mia mbili na hamsini, yaani kilo moja na robo. Mtu wa Kifaransa anasoma gramu moja na robo. Hapo hakuna wa kucheka.

Dawa ya jambo hili ni nyepesi. Andika namba kwa desturi ya lugha ya barua yenyewe, kisha uirudie kwa maneno, kama watu wafanyavyo katika hundi ya benki. Na ikiwa ni fedha, maliza kwa tarakimu mbili za senti: 1,250.00. Yeyote atakayeiona, awe Mfaransa au Mwingereza, atatambua kwamba mkato hapo hauwezi kuwa wa sehemu.

Sasa tuingie katika maneno. Mwalimu wa Kifaransa alitufundisha kwamba mwishoni mwa orodha hatuweki mkato mbele ya «et» wala «ou». Katika Kiingereza watu hawapatani juu ya jambo hili. Chapa ya Chuo Kikuu cha Oxford huuweka, na kwa hiyo huitwa mkato wa Oxford; magazeti mengi ya Uingereza huuacha. Basi kuuacha si kosa. Walakini iko siku ambapo kuuacha ni hatari.

Tazameni yaliyotokea katika jimbo la Maine, nchi ya Marekani. Sheria ya jimbo hilo ilisema kwamba wafanyakazi wa vyakula fulani hawana haki ya nyongeza ya malipo kwa saa za ziada. Ikazitaja kazi zao moja moja: kutia vyakula katika makopo, kugandisha, kukausha, kuweka ghalani na nyinginezo, na mwishoni kabisa «packing for shipment or distribution». Mbele ya lile neno «or» hapakuwa na mkato. Madereva wa kampuni ya maziwa iitwayo Oakhurst Dairy wakauliza: Je, hapo zimetajwa kazi mbili, yaani kufunga mizigo na kuisambaza? Au ni kazi moja tu ya kufunga mizigo, iwe ya kupelekwa mbali, iwe ya kusambazwa? Wao walisambaza, hawakufunga. Ikiwa kazi iliyotajwa ni moja, basi sheria haikuwagusa, na saa zao za ziada zilipaswa kulipwa kwa nyongeza. Mwezi Machi 2017 mahakama ya rufani iliona kwamba maneno hayo yana mashaka, na kwa kuwa sheria za namna hiyo huwekwa ili kumlinda mfanyakazi, mashaka yawe upande wa madereva. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Wabunge nao walikuwa wameiandika upya sheria yao, wakazitenga kazi zote kwa nukta-mkato.

Huko Marekani mkato ulishindaniwa kwa ajili ya mshahara. London, mwaka 1916, ulishindaniwa kwa ajili ya uhai wa mtu, na mtu huyo sisi Wakongo tuna deni kwake. Ni Roger Casement, mwana wa Ireland, aliyekuwa konsuli wa Uingereza katika nchi yetu. Mwaka 1903 alipanda mto Kongo, akaona mateso ya watu waliolazimishwa kuleta mpira, na taarifa yake ya mwaka 1904 ilisaidia kuung'oa utawala wa mfalme Leopold. Baadaye, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Casement alikwenda Ujerumani kutafuta msaada kwa ajili ya uhuru wa Ireland. Waingereza walipomkamata wakamshtaki kwa uhaini.

Sheria waliyoitumia ni ya mwaka 1351, tena imeandikwa kwa Kifaransa cha kale. Inamtaja mtu anayeshikamana na adui za mfalme katika ufalme wake, akiwapa msaada katika ufalme, «au mahali pengine». Je, maneno hayo ya mwisho yanakwenda wapi? Wakili wa Casement alishika kwamba uhaini ni kushikamana na adui ndani ya ufalme tu. Naye Casement alitenda yote Ujerumani. Washtaki walisema kwamba maneno ya katikati juu ya msaada ni kama yamefungwa kwa mikato miwili, na kwamba «au mahali pengine» yanarudi nyuma hadi kwenye kushikamana na adui, popote pale. Maandishi ya kale hayakuwa na alama kama zetu za leo. Majaji wakaenda wenyewe kuichunguza ngozi ya asili, wakitafuta alama yoyote. Hukumu ikawa kwamba maneno hayo yanafika pote. Casement alipokelewa katika Kanisa Katoliki gerezani, akanyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Waairishi husema alinyongwa kwa mkato.

Mtasema: hayo ni mambo ya mahakama kubwa. Haya, tutazame tangazo linalobandikwa mlangoni pa karakana. «The workers who came late will not be paid.» Maana yake: wale waliochelewa hawatalipwa, wengine watalipwa. Sasa karani anataka kupamba maandishi yake, anatia mikato miwili: «The workers, who came late, will not be paid.» Amewanyima mshahara wafanyakazi wote! Kwa maana mikato hiyo yasema kwamba wote walichelewa, na habari ya kuchelewa imetiwa kando tu. Anayejua Kifaransa vizuri atatambua kwamba na huko kanuni ni hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba wengi wetu huweka mkato pale tunapovuta pumzi, si pale maana inapotaka.

Vile vile katika kumwita mtu. «Call Peter» ni kuagiza kwamba Petro aitwe. «Call, Peter» ni kumwambia Petro mwenyewe apige simu. Ukituma ujumbe huo kazini bila kuangalia, watu wawili watakaa wakingojana hadi jioni.

Iko alama nyingine inayotusumbua, ule mkato unaokaa juu ya mstari, ambao wenye elimu huuita ritifaa. Sisi tunazo lugha tatu, na katika kila moja alama hii ina kazi yake. Katika Kiswahili inaonyesha sauti: ng'ombe, ng'ambo. Katika Kifaransa inashika mahali pa irabu iliyoanguka: «l'école». Katika Kiingereza nayo hushika mahali pa herufi zilizoanguka, lakini zaidi ya hayo huonyesha mwenye mali, na hapo ndipo Mfaransa hupotea, maana hana kitu cha namna hiyo. «The driver's wages» ni mshahara wa dereva mmoja. «The drivers' wages» ni mishahara ya madereva wengi. Alama imeruka herufi moja tu, na hesabu ya mlipaji imebadilika. Lakini katika neno «its», lenye maana ya «yake», mwenye mali hapewi ritifaa. Ukiandika «it's» umesema «it is». Waingereza wenyewe hukosea hapo kila siku, basi mwanafunzi asikate tamaa.

Mengine ni madogo. Kwa Kifaransa huachwa nafasi mbele ya nukta mbili, nukta-mkato, alama ya kuuliza na alama ya mshangao. Kwa Kiingereza haiachwi nafasi yoyote. Badala ya « » Waingereza hutumia “ ”. Tena hawapendi sentensi mbili kamili ziunganishwe kwa mkato mtupu, kama hivi: «The lorry is broken, we need a tyre.» Weka nukta, kisha anza upya kwa herufi kubwa. Wako wanaosifu nukta-mkato mahali hapo. Mimi, kwa barua za kazi, naona nukta yatosha. Haijapata kumpeleka mtu mahakamani.

Juma lijalo tutaangalia herufi kubwa, hasa majina ya siku na ya miezi, ambayo Kifaransa huyaandika kwa herufi ndogo na Kiingereza huyakataa hivyo. Wanafunzi watakaotaka kujiandaa, waandike kwa Kiingereza barua fupi ya kuomba kazi ya ukarani, kisha wampe mwenzao aisome kwa sauti, akisimama pale tu alama zinapomwambia asimame.