Matairi Makubwa Yapimwe Kabla ya Kufungwa

Gari la doria ni chombo cha kazi kama ilivyo bunduki. Askari hufundishwa tangu mwanzo kwamba bunduki haibadilishwi kwa matakwa ya aliyeishika. Basi inatupasa kuuliza: kwa nini pikapu ya doria ifungwe matairi makubwa kwa sababu tu dereva, au mkubwa wake, amependezwa na umbo lake?

Hatusemi kwamba tairi kubwa ni kosa. Katika udongo mweusi wa Karamoja wakati wa mvua, tairi refu huliinua difu juu ya matope na kuwavusha askari waliotumwa. Lakini faida hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tairi la 265/65R17, linalotumika katika Hilux nyingi, lina kimo cha milimita 776 hivi. Lile la 285/70R17 hufika milimita 831. Tofauti ni milimita 55, na kwa kuwa nusu tu ya kimo hicho iko chini ya ekseli, difu huinuka kwa milimita 27 tu.

Pikapu hutengenezwa nyuma ikiwa juu kidogo kuliko mbele, ili ikipakiwa ikae sawa. Baadhi ya mafundi huweka kipande cha chuma juu ya springi za mbele ili gari lilingane, wakaamini kwamba nafasi imepatikana. Gari likiwa limesimama uwanjani, ni kweli. Lakini gurudumu likipiga shimo hupanda mpaka kwenye mpira wa kizuizi, nao mpira huo haukuhamishwa. Hapo tairi hukuta nafasi ile ile ya zamani. Usukani ukikatwa hadi mwisho, ukingo wa tairi hugusa madigadi, au chuma kinachoishikilia bodi kwenye chesisi. Mkwaruzo huo ukirudiwa, mpira huliwa, nyuzi huonekana, na siku moja tairi hupasuka gari likiwa kasi, na askari wamekaa nyuma bila mikanda.

Isitoshe, kwa matairi tuliyoyataja, kipimo kikionyesha kilomita 80 kwa saa gari huwa linakwenda 86 hivi. Breki hufanya kazi nzito zaidi, na gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi kwenye kona. Tena pikapu iliyosawazishwa ikipakia watu huinamia nyuma. Usukani huwa mwepesi, na taa humulika machoni mwa wanaokuja mbele.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, tairi lichaguliwe pamoja na rimu yake, kwani rimu inayolisukuma tairi nje huzidisha mkwaruzo. Pili, jaribio lifanywe gari likiwa na mzigo kamili, gurudumu moja likipandishwa juu ya gogo, usukani ukikatwa pande zote mbili, mbele na kinyumenyume. Na mipira ya breki iangaliwe isivutike. Tatu, magurudumu ya mbele yapangwe upya katika gereji, maana yakisogea nyuma kidogo tu yatagusa. Nne, matairi yote, pamoja na la spea, yawe ya kimo kimoja, kwa sababu kuchanganya vimo katika gari la kukokota kwa magurudumu manne huharibu difu na gia.

Jaribio likionyesha kwamba tairi linagusa, lirudishwe ghalani lifungwe dogo. Mafundi wengine hukimbilia kukata madigadi kwa msumeno. Huko ni kuliharibu gari la umma ili kulinda fahari ya mtu mmoja.

Tunawasihi makamanda wasitoe amri ya kubadilisha matairi kabla fundi hajatia sahihi kwamba amepima. Nanyi madereva, mkisikia mkwaruzo wakati wa kukata kona, msizoee sauti hiyo. Simamisheni gari, mkague, mtoe taarifa. Wenzenu walioketi nyuma hawana usukani mikononi; wamewakabidhi ninyi maisha yao.